Mji wa Kakamega na Milango ya Maduka Yake

Msomaji, ukitaka kuijua historia ya mji wowote, si lazima uanze na majina ya magavana wala na majalada ya serikali. Waweza kuanza na duka. Simama mbele yake, utazame mlango wake umeelekea wapi, kisha ujiulize: aliyelijenga alimtarajia mteja wa namna gani? Je, alimtarajia mtu ajaye kwa miguu na kapu kichwani, au mwenye baiskeli, au mwenye gari? Alimwekea mahali pa kusimama na kuzungumza, au alitaka anunue upesi aende zake? Na yule apitaye njiani bila senti mfukoni, je, jengo lile limempa chochote, hata kivuli?

Nataka tuyaulize maswali haya katika mji wa Kakamega, ulio magharibi ya Kenya, kiasi cha kilomita 50 kaskazini ya Kisumu. Nimeuchagua mji huu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa umekua upesi. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilionyesha kuwa wakazi wa mji walikuwa wamezidi 100,000, na kaunti nzima ilikuwa na watu karibu 1,868,000. Sababu ya pili ni kuwa Kakamega ni nchi ya mvua. Kila mwaka hunyesha kiasi cha milimita 2,000, na siku nyingi mvua hiyo huja alasiri, baada ya jua kali la adhuhuri, wakati masoko yamejaa watu. Kwa hiyo mtu hawezi kuzungumza juu ya ujenzi wa maduka ya Kakamega asiulize jambo moja: mvua inaponyesha, nani hupata paa na nani huachwa nje?

Kabla ya kuwako maduka kulikuwako masoko. Wenyeji wa nchi hii ni Waluhya wa makabila mengi, kama vile Waisukha, Waidakho, Wabutsotso, Wakabarasi, Wawanga na Wanyore. Walikuwa wakulima na wafugaji, na kila nyumba ilijitosheleza kwa sehemu kubwa ya mahitaji yake. Lakini hapana nchi iliyojaliwa kila kitu. Majembe mazuri yalitoka Samia, ambako wahunzi walijua kuyeyusha chuma. Samaki wakavu walitoka upande wa ziwa. Nafaka ilitoka katika mashamba yenye mvua nyingi. Basi masoko yakazuka hasa mipakani, mahali ambapo watu wenye kitu hiki walikutana na watu wenye kitu kile. Luanda, ulipo mpaka wa Wanyore na Wajaluo, ni soko la namna hiyo, na hata leo lina sifa yake.

Soko la zamani halikuwa na ukuta wala mlango. Paa lake lilikuwa mti. Kila aliyefika aliweza kukaa chini na kutandaza alicho nacho, awe na debe zima la mtama au mayai matano tu. Naomba uikumbuke sifa hii, maana nitaitumia kama kibaba cha kupimia majengo yote yaliyofuata.

Bidhaa za mbali zilifika nchi hii kwanza kwa miguu. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilifika kwa Nabongo, mfalme wa Wawanga, ikitafuta pembe za ndovu na kuleta nguo, shanga na waya. Msafiri Joseph Thomson alipofika huko mwaka wa 1883 mahali pale paliitwa Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu. Baadaye pakaitwa Mumias, kwa jina la mwanawe, Nabongo Mumia. Njia ya misafara iendayo Buganda ilipita hapo, na katika miaka ya 1890 serikali ya Waingereza nayo ikaweka kituo chake papo hapo. Ndiyo maana Kiswahili na Uislamu vilipata makao ya mapema katika Mumias kuliko katika sehemu nyingi za bara.

Lakini mji uliozaliwa na njia hufuata bahati ya njia. Mwezi wa Desemba mwaka wa 1901 reli kutoka Mombasa ilifika kwenye ziwa, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo sasa ni Kisumu. Mizigo iliyokuwa ikichukuliwa vichwani kwa miezi mingi ikaanza kuchukuliwa kwa garimoshi kwa siku chache, kisha ikavushwa ziwa kwa meli. Misafara ikafa. Mwaka wa 1920 makao ya wilaya, ambayo wakati huo iliitwa Kavirondo ya Kaskazini, yaliondolewa Mumias yakapelekwa Kakamega, kwenye nchi iliyoinuka kiasi cha mita 1,535 juu ya usawa wa bahari. Nabongo Mumia aliishi hata mwaka wa 1949. Kwa hiyo kwa karibu miaka 30 mzee yule aliwaona watu wake wakiupita mji wenye jina lake, wakienda kushtaki, kulipa kodi na kununua katika mji mwingine.

Kakamega haikupata reli. Tawi la reli kutoka Kisumu liliishia Butere, na njia kuu ya garimoshi iendayo Uganda ilipita kaskazini, mahali paitwapo leo Webuye. Kakamega ikawa mtoto wa barabara. Ile barabara itokayo Kisumu kwenda Webuye na Kitale ndiyo uti wake wa mgongo, na maduka yalipojengwa yalijipanga kando yake, milango yote ikiielekea.

Hebu tulitazame duka la siku zile, maana namna yake ilikuwa moja katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Wenye maduka hayo aghalabu walikuwa Wahindi. Jengo lilikuwa jembamba kwa mbele na refu kwenda nyuma. Chumba cha mbele kilikuwa duka, na vyumba vya nyuma pamoja na ua vilikuwa makao ya mwenye duka na jamaa zake. Paa la mabati halikuishia ukutani, bali lilisogezwa mbele na kushikwa na nguzo, na chini yake pakawa na baraza. Duka moja lilipakana na jingine, na baraza moja ikaungana na nyingine, hata mtu akaweza kutembea kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho wake katika mvua kubwa asilowe ila miguu.

Ndani ya duka palikuwa na meza ndefu ya mbao. Nyuma ya meza alisimama mwenye duka, na nyuma yake zilipangwa bidhaa: mablanketi, kanga, chumvi, sukari, viberiti, mafuta ya taa na majembe. Mteja hakuzigusa. Alitaja anachotaka, akaonyeshwa, wakapatana bei. Meza ile ilikuwa mpaka, na iliwagawa watu pande mbili: mwenye mali na mwenye haja.

Baraza ilikuwa na tabia nyingine. Ilikuwa sehemu ya duka, na pia ilikuwa sehemu ya njia. Hapo ndipo alipoketi fundi na cherehani yake. Mteja alinunua nguo ndani, akatoka hatua tatu, akapimwa, na jioni akavaa suruali mpya. Hapo ndipo wasafiri waliposubiri motokaa, barua zikasomwa kwa wasiojua kusoma, na habari za kijiji zikapelekwa kijiji kingine. Fundi yule hakuwa na fedha za kununua kiwanja wala kujenga duka. Lakini kwa nafasi ya hatua chache tu alipata kazi, akasomesha watoto. Mwenye duka naye hakupata hasara, kwa kuwa fundi mzuri humvutia mnunuzi wa nguo. Wahenga walisema, biashara haigombi.

Mji huu mdogo ulishtuliwa na dhahabu. Mwaka wa 1931 Mmarekani mmoja aitwaye L. A. Johnson aligundua dhahabu karibu na Kakamega, na mara mamia ya Wazungu wakaja na majembe, mahema na tamaa zao. Mwaka wa 1930 serikali ilikuwa imetunga sheria iliyoahidi kuwa ardhi ya Waafrika ikichukuliwa, itafidiwa kwa ardhi nyingine. Mwezi wa Desemba mwaka wa 1932, kwa ajili ya dhahabu hii, sheria ikabadilishwa upesi ili watu waweze kulipwa fedha badala ya ardhi. Wenye mashamba waliona kwa macho yao kwamba ahadi haikudumu hata miaka mitatu.

Machimbo makubwa kuliko yote yalikuwa ya Rosterman, na jina hilo lingali likitajwa mjini hata leo. Maelfu ya Waafrika walifanya kazi katika machimbo ya nchi ile, wakalipwa mshahara wa fedha taslimu. Watu wa mshahara hununua kwa namna yao. Mkulima hununua wakati wa mavuno, lakini mfanyakazi hununua kila mwisho wa mwezi, naye hutaka mkate, chai, sukari na sabuni. Maduka yalipata wateja wasiotegemea majira. Machimbo ya Rosterman yalifungwa mwaka wa 1952. Dhahabu ikaisha, lakini desturi ya kununua dukani haikuisha.

Sasa, msomaji, usije ukadhani kwamba nausifu ule mji wa zamani kana kwamba haukuwa na dhuluma. Viwanja vya biashara mjini vilikuwa vigumu kwa Mwafrika kuvipata. Alielekezwa zaidi kwenye masoko ya vijijini, yaliyokuwa chini ya Baraza la Wenyeji, ambalo lilianzishwa katika miaka ya 1920. Hata alipokuwa na duka lake, kupata bidhaa kwa mkopo kulikuwa kazi ngumu, na sheria ya mwaka wa 1948 ya kuzuia mikopo kwa Waafrika iliwatia hofu wenye kukopesha. Bila mkopo duka la rejareja haliwezi kukua, kwa sababu bidhaa hununuliwa leo na fedha hurudi baada ya majuma mengi. Basi mpango wa mji ulikuwa kama somo lililoandikwa kwa matofali na mabati: Mzungu katika ofisi za boma, Mhindi nyuma ya meza ya duka, na Mwafrika barazani. Baraza ilikuwa fadhila kwa mtu asiyekuwa na paa, na pia ilikuwa mpaka ambao hakutarajiwa kuuvuka.

Mpaka huo ulivunjwa na uhuru. Mwaka wa 1963 Kakamega iliwekwa kuwa makao makuu ya Jimbo la Magharibi, ambalo baadaye likaitwa Mkoa wa Magharibi. Makarani, walimu, askari na wauguzi wakaongezeka mjini. Mwaka wa 1965 serikali iliunda Shirika la Taifa la Biashara ili kuwapa Waafrika nafasi katika biashara ya jumla, na sheria ya leseni za biashara ya mwaka wa 1967 ikawafungia wasio raia sehemu nyingi za nchi na bidhaa nyingi. Wahindi wengi wasiokuwa raia walifunga maduka yao wakaondoka Kenya, hasa kwenda Uingereza, katika miaka ya 1967 na 1968. Wako waliokuwa raia wakabaki, na wako waliozaliwa hapa hapa, wakaondoka kwa machozi. Haki ya mtu mmoja ilipopatikana, msiba wa mwingine ulikuwa karibu, na mwanafunzi wa historia hana budi kuyaona yote mawili.

Meza ya duka ilibaki pale pale, lakini aliyesimama nyuma yake alikuwa mwingine. Halafu jengo lenyewe likaanza kubadilika. Ardhi ilipopanda bei, wenye viwanja katika miji ya Kenya walibomoa nyumba za mabati wakajenga ghorofa za zege, maduka yakiwa chini na vyumba vya kupangisha juu. Hapo ndipo baraza ilipoanza kutazamwa kwa jicho la hesabu. Kila hatua ya baraza ni hatua isiyolipiwa kodi. Wako wajenzi walioihifadhi, wakaacha njia pana yenye nguzo na kivuli. Wako wengine waliosogeza ukuta hadi ukingo wa kiwanja, na mpita njia akasukumwa karibu na magari. Ukitembea mjini leo utayaona majengo ya namna zote mbili yakiwa jirani, wala huhitaji mvua ndefu kujua tofauti yao.

Badiliko la pili lilikuwa la ndani ya duka. Mwaka wa 1916, katika mji wa Memphis nchini Marekani, mfanyabiashara Clarence Saunders alifungua duka ambalo mteja aliingia mwenyewe katikati ya bidhaa, akachukua alichotaka, akalipa mlangoni. Ile meza ndefu ikaondolewa. Desturi hii ilienea duniani, nasi tukaiita supamaketi. Katika Kenya kampuni ya Uchumi, iliyoundwa mwaka wa 1975, ndiyo iliyowazoesha wengi. Faida yake si ndogo. Bei imeandikwa, nayo ni moja kwa tajiri na maskini, kwa mtu mzima na mtoto aliyetumwa. Lakini kitu kimoja kilipotea. Mwenye duka wa zamani alimjua mteja wake kwa jina, na siku ya shida alimwandikia deni katika daftari. Rafu za supamaketi hazimjui mtu.

Badiliko la tatu ndilo kubwa, nalo ni jumba la maduka. Ili tulielewe yatupasa twende mbali kidogo, kisha tutarudi Kakamega. Victor Gruen alizaliwa mwaka wa 1903 katika mji wa Vienna, mji wenye viwanja vizuri ambapo watu hukutana, huketi na kunywa kahawa. Mwaka wa 1938 alikimbilia Marekani kwa sababu ya Wanazi. Huko aliona watu wakiishi mbali mbali na kwenda kila mahali kwa magari, wala hawana uwanja wa kukutana. Mwaka wa 1956 jumba lake liitwalo Southdale lilifunguliwa katika jimbo la Minnesota, ambako baridi ya kipupwe ni kali mno. Maduka yote aliyaweka chini ya paa moja, yakitazamana kwa ndani, na katikati akaweka bustani na viti. Nia yake ilikuwa kuwarudishia watu uwanja wa mji.

Nia hiyo haikutimia kama alivyotaka. Wajenzi waliomwiga walichukua sehemu yenye faida, yaani maduka, wakaiacha sehemu ya bustani, nyumba na shule aliyoitamani. Jumba likazungukwa na uwanja mkubwa wa kuegesha magari, na asiye na gari akawa mgeni. Gruen mwenyewe aliporudi Vienna katika uzee wake aliyakana majumba yale hadharani. Alikufa mwaka wa 1980.

Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1983, Sarit Centre ilifunguliwa Westlands, Nairobi, na Wakenya wakapata jumba lao la kwanza la namna hiyo. Mengi yakafuata. Katiba ya mwaka wa 2010 ilianzisha serikali za kaunti, nazo zikaanza kazi mwaka wa 2013. Fedha na ofisi zilipoenea mikoani, majumba ya maduka nayo yakaifuata njia hiyo. Kakamega, uliokuwa sasa mji mkuu wa kaunti, na wenye Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilichopata hadhi kamili mwaka wa 2007, ukapata jumba lake liitwalo Mega Mall.

Tazama jinsi mlango ulivyogeuka. Duka la zamani lilielekea barabarani. Jumba la maduka, kwa asili yake, huelekea ndani: maduka hutazamana yenyewe kwa yenyewe, na barabara huonyeshwa ukuta, maegesho na lango. Tangu mashambulizi ya Westgate, Nairobi, mwezi wa Septemba mwaka wa 2013, ambapo watu 67 waliuawa, malango hayo yamezidi kuwa machache, na walinzi hupekua kila aingiaye. Sababu yao ni nzito, wala hapana mwenye akili atakayeibeza. Lakini matokeo yake ni kuwa paa kubwa kuliko yote mjini liko nyuma ya lango, na mtu hupita langoni kama mnunuzi. Mama mwenye beseni la ndizi, au kapu la mrenda na kunde, haruhusiwi kulitandaza ndani. Kijana wa bodaboda humleta abiria hadi langoni, kisha hungoja nje.

Hata hivyo tusilihukumu jumba kwa chuki. Lina taa, vyoo na usafi. Mtoto huweza kutembea ndani yake bila kuogopa gari. Wanafunzi hukutana humo na kuzungumza kwa utulivu. Wengi wetu tungependa mji wote uwe na usafi huo. Kosa si kujenga jumba. Kosa ni kudhani kwamba mji ukiisha kupata jumba, haja ya soko na ya baraza imekwisha.

Hesabu ya biashara yenyewe inatuonya. Jumba la maduka hutegemea mpangaji mmoja mkubwa, aghalabu supamaketi, ambaye huvuta watu, na maduka madogo huishi kwa wateja wanaopita kwenda kwake. Akianguka yeye, majirani zake hubaki wakitazama njia tupu. Nakumatt, iliyoanza Nakuru kama duka la magodoro, ilifikia kuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne za Afrika Mashariki. Mwaka wa 2020 wadai wake waliamua ifungwe. Tuskys nayo ilianguka baada yake. Katika safu ya maduka 30 yaelekeayo barabara, mmoja akifilisika, wapita njia hawapungui. Na soko la kukaa chini, ambalo mtaji wake ni gorogoro chache za maharagwe, limeyaona makampuni yote hayo yakija na yakipita.

Je, Afrika Mashariki haina mfano wa jengo lililojaribu kuunganisha paa kubwa na uhuru wa soko? Unao. Katika Dar es Salaam, mwaka wa 1975, lilifunguliwa soko la Kariakoo lililobuniwa na Mtanzania Beda Amuli. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege inayosimama juu ya nguzo kama miti, nayo iliumbwa hivyo ili ikinge mvua na kukusanya maji yake. Amuli hakuiga duka la Minnesota wala la Memphis. Alifikiri juu ya mahali ambapo Mwafrika aliuza na kununua tangu zamani, yaani chini ya mti, kisha akautengeneza mti huo kwa zege. Soko hilo liliungua mwezi wa Julai mwaka wa 2021, na kazi ya kulijenga upya ikafuata. Jengo laweza kuungua, lakini fikira nzuri huweza kuchukuliwa na mji mwingine.

Kakamega wahitaji fikira hiyo kuliko miji mingi, kwa sababu ya mvua yake. Kukinga mvua si jambo la anasa. Mama auzaye nyanya akinyeshewa saa tisa alasiri, nyanya huchafuka, wateja hukimbia, na faida ya kutwa huenda na maji ya mfereji. Auzaye nguo za mitumba hufunga mzigo mbio, na nusu yake hulowa. Hawa ndio wenye mtaji mdogo kuliko wote, nao ndio tuliowaacha nje. Kama kila jengo jipya la barabarani lingetakiwa kuacha baraza pana, na kama kila soko lingewekewa paa mahali watu wanapopita na si mahali palipobaki tu, hasara hiyo ingepungua bila mji kutumia fedha nyingi. Haba na haba hujaza kibaba, na hatua chache za baraza zikiungana huufunika mtaa mzima.

Basi, msomaji, nina ombi moja kwako. Siku moja ya soko, uende mjini, au kwenye senta iliyo karibu na kwenu, uchukue karatasi na kalamu. Chora safu moja ya maduka. Andika mlango upi umeelekea wapi, paa lipi limesogezwa mbele na lipi limekatwa ukutani. Ikinyesha, usikimbilie garini. Simama uhesabu watu waliopata pa kujikinga, na uandike ni kina nani waliokosa. Kisha umtafute mzee mmoja umwulize duka lile lilikuwa la nani zamani, na nani aliketi barazani. Utakaporudi shuleni utakuwa na ukurasa wa historia ambao haumo katika kitabu chochote.

Na mwisho, usisahau kwamba miji haijijengi. Miongoni mwa wanafunzi wanaosoma maneno haya wamo watakaokuwa wapima ardhi, mafundi, madiwani na wenye viwanja. Siku italetwa mbele yao ramani ya jengo jipya, nayo itakuwa imepambwa vizuri kwa rangi. Waitazame kwa heshima, kisha wamwulize aliyeichora: mvua ikinyesha, yule mama mwenye beseni atasimama wapi?